Stokes, Sybil na Ubaharia wa Kigeni katika Pwani ya Musoma

Historia ya ubaharia wa kigeni katika Ziwa Victoria, ambalo watu wa misafara katika karne ya 19 walilifahamu pia kwa jina la Ziwa Ukerewe, huanzia nchi kavu, kwa sababu chombo chochote kutoka Ulaya kilipaswa kwanza kukatwa vipande na kupandishwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kabla ya kugusa maji ya ziwa. Mashua ya Lady Alice, ambayo Henry Morton Stanley aliizungushia ziwa hilo kuanzia Machi 1875 na kupita nayo chini ya mlima wa Majita, ulio kusini-magharibi mwa Musoma ya leo, ilifika ikiwa imebebwa na wapagazi, yaani watu waliolipwa kuchukua mizigo kwa mabega na vichwa, tangu Bagamoyo. Kwa hiyo aliyetaka kuwa nahodha wa ziwa alilazimika kwanza kuwa mkuu wa msafara, na katika hilo hakuna mgeni aliyefanikiwa kama Charles Stokes wa Ayalandi.

Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852, akahamia Liverpool, na mwaka 1878 akafika Zanzibar akiwa mhudumu asiye kasisi wa Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana. Chama hicho kilikuwa na jeraha bichi katika ziwa lenyewe, kwa kuwa Desemba 1877 watu wake wawili, Luteni Shergold Smith na fundi Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe walipojikuta katika ugomvi kati ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro, ambaye alikuwa akiunda jahazi kisiwani humo. Kisa hicho kiliwafundisha wamisionari kwamba kumiliki mashua hakukumwondolea mtu haja ya kibali cha mwenye pwani, na Stokes, tofauti na wenzake wengi, alilielewa somo hilo mapema. Mke wake wa kwanza, muuguzi Mwingereza, alifariki mwaka 1884 baada ya kujifungua, na baadaye Stokes akamwoa Limi, mwanamke wa Kinyamwezi wa ukoo wa Mitinginya, mtemi wa Usongo, yaani mtawala wa jadi wa nchi hiyo. Ndoa hiyo, ambayo wamisionari hawakuipenda, ilimpa kile ambacho mshahara wa chama usingeweza kununua: wapagazi wa Kinyamwezi waliomfuata kama mkwe wa nyumba kubwa na si kama mgeni mwenye fedha. Akauacha umisionari, akaingia biashara ya pembe za ndovu, nguo na bunduki.

Chombo cha matanga alichokuwa nacho ziwani kilipata nafasi katika siasa za ziwa mwaka 1889. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliyeondolewa madarakani Septemba 1888, alikuwa amekimbilia Magu, kisha kwa mapadri wa Kifaransa huko Bukumbi, katika pwani ya kusini, naye Stokes ndiye aliyempakia na kumrudisha kaskazini pamoja na silaha, hata Oktoba 1889 Mwanga akaingia tena katika mji wake, ingawa vita viliendelea hadi mwaka uliofuata. Waandishi wa Ulaya wamependa kulisimulia tukio hili kama kazi ya mashua moja na mtu mmoja. Simulizi hiyo inavutia, lakini ina kasoro, kwa sababu kilichomweka Mwanga hai katika visiwa vya kaskazini, akisubiri nafasi ya kushambulia bara, ni mitumbwi ya Waganda na wapiga makasia wake, ambao idadi yao hakuna chombo cha matanga kingeweza kuifikia.

Mwisho wa Stokes haukuwa majini. Januari 1895, akiwa katika biashara yake Kongo, alikamatwa na maofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa shtaka la kuwauzia silaha wapinzani wao, akahukumiwa haraka na Kapteni Hubert Lothaire, akanyongwa mahali panapoitwa Lindi, ambapo pasichanganywe na Lindi ya kusini mwa Tanzania. Uingereza na Ujerumani zilidai na kulipwa fidia. Lothaire aliachiwa huru.

Upande wa Musoma haukuwamo katika njia za Stokes, ambazo zilitoka Tabora hadi pwani ya kusini na kufuata magharibi kuelekea Buganda. Hiyo haina maana kwamba maji ya Majita na Ghuba ya Mara yalikuwa matupu. Mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za nyuzi za mimea ilivuka kati ya Ukerewe, Ukara na Majita ikiwa na nafaka, samaki na majembe ya chuma yaliyofuliwa Uzinza, na waliojua mahali pa miamba iliyojificha chini ya maji ni wapiga makasia hao.

Mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulilikata ziwa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukaiweka Musoma upande wa Wajerumani, lakini reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ikawapa Waingereza nguvu ya meli. Meli ya William Mackinnon, iliyoundwa Uskoti na kusafirishwa vipande vipande, ilikuwa imeshushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika, nazo Winifred na Sybil zikafuata, zote zikiendeshwa kwa mvuke wa kuni zilizokatwa kando ya ziwa. Vita vilipoanza 1914, meli hizo za mizigo zilifungwa mizinga. Septemba mwaka huo kimeli cha Kijerumani Muansa kiliifukuza Winifred kutoka Karungu, kaskazini ya Shirati, na Novemba Sybil ikagonga mwamba ikakwama Majita, katika ardhi ya adui. Wajerumani walijaribu kuiharibu, ila mwaka 1915 Waingereza walikuja kuiokoa na kuirudisha Kisumu kwa matengenezo. Ramani za meli zilikuwa changa, na pwani hiyo ilidai ujuzi ambao haukuwa umeandikwa popote.

Baada ya vita Musoma ikawa kituo katika mzunguko wa meli kama Usoga na Rusinga, zilizounganisha Kisumu, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 lakini haikuendelea hadi Musoma, kwa hiyo pamba ya wilaya hiyo, pamoja na mahitaji ya migodi ya dhahabu kama Buhemba na Kiabakari, katika Butiama ya sasa, viliendelea kutegemea gati. Vyeo vya nahodha na injinia mkuu vilibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wazungu hadi karibu na uhuru, na watu wa kando ya ziwa wakawa makuli, wachochea tanuri na mabaharia wa sitaha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli zake za pamoja ziligawanywa kati ya nchi tatu, na MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaangukia Tanzania.