Wajumbe wa Stanleyville

Kila Oktoba inapokwisha, Kisangani hukumbuka waliouawa mwaka 1959. Kilichowaleta watu barabarani hakikumbukwi sana: mkutano mkuu wa chama, wajumbe wakibishana kama waingie katika uchaguzi au la.

Chama kilikuwa MNC (Mouvement National Congolais), kilichoundwa Oktoba 1958. Julai 1959 kikapasuka, Kalonji na Ileo upande mmoja, Lumumba upande mwingine. Kwa hiyo Lumumba alipowaita wajumbe Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mji aliowahi kufanya kazi ya posta, alitaka kuonyesha chama ni cha nani.

Wabelgiji walikuwa wametangaza uchaguzi wa mabaraza kwa Desemba. Mtego, wakasema wajumbe: Wakongo wapewe mabaraza, uhuru ubaki Brussels. Mkutano ukaazimia kususia. Ghasia zikazuka Oktoba 30, askari wakafyatua risasi, watu zaidi ya 20 wakafa. Lumumba akatiwa mbaroni.

Hapo ndipo kisa kinaponoga. Kumbukumbu za CRISP, kituo cha utafiti cha Brussels, zinaonyesha jinsi azimio lilivyogeuzwa. Kiongozi yuko gerezani, chama kikaingia uchaguzini dakika za mwisho na kuzoa viti 55 kati ya 74 vya mji. Ukaidi au hesabu? Mimi nasema hesabu: kususia kungewaachia wapinzani mji mzima. Januari 1960 Lumumba akatolewa gerezani ili ahudhurie mkutano wa Meza ya Duara kuhusu uhuru huko Brussels, na Mei akapata hapa Kisangani kura zaidi ya 84,000 za jina lake.

Rais wa kwanza, hata hivyo, hakuchaguliwa na wananchi. Juni 24 bunge lilimpa Kasa-Vubu kura 159, Bolikango 43. Kisha akaja Mobutu: tangu 1967 chama kimoja, na mwaka 1970 mgombea mmoja.

Siku hizi vyama tunavyo tele, mikutano ya kuteua ndiyo adimu. Agosti 2018 Rais Kabila alimtaja Shadary kuwa mgombea urais wa upande wake. Novemba, viongozi saba wa upinzani walijifungia Geneva wakatoka na jina la Fayulu kuwa mgombea wao mmoja. Kesho yake Tshisekedi na Kamerhe wakafuta saini zao, wakidai wanachama wao wamekataa. Wanachama hao hao hakuna aliyekuwa amewauliza kabla ndege haijaruka.