Wawindaji wa Jebel Rum

Kijiji cha Rum, kusini mwa Yordani, kimekaa kati ya kuta mbili: Jebel Rum upande wa magharibi, Um Ishrin upande wa mashariki. Kilele cha Jebel Rum kina zaidi ya mita 1,700. Ukiwa chini unaona genge tupu, jekundu, limesimama wima, na unajiuliza nani alithubutu kulikwea kwanza.

Vitabu vya wapanda milima hupenda kujibu swali hilo kwa majina ya Ulaya. Katikati ya karne ya ishirini wanawake wawili Waingereza, Charmian Longstaff na Sylvia Branford, walifika kileleni. Ni jambo la kuheshimiwa. Lakini aliyewaongoza alikuwa Mbedui wa hapohapo, na njia alikuwa anaijua tayari. Alifundishwa na nani? Na huyo naye? Karne nyingi kabla yao, watu waliopita juu ya milima hii walichonga maandishi ya Kithamudi kwenye miamba yake. Kwangu mimi, historia ya kupanda Rum inaanzia kwa hao.

Kilichowapandisha wenyeji ni nyama. Mbuzi mwitu wa milimani, ambaye Wabedui humwita beden, hujificha juu kwenye mabonde madogo na vibapa vya miamba ambako wanyama wachache humfuata. Mwindaji alimfuata, mara nyingi peke yake, pekupeku, bila kamba. Alitafuta upande ulio mwepesi kuliko yote, akizunguka korongo hili na kutokea lile, akiupita ukuta mkuu kwa ubavuni. Palipokosekana pa kukanyaga alipanga mawe ndani ya ufa, au akabana gogo la mti likawa ngazi. Baadhi ya ngazi hizo bado zipo.

Nimekulia Mwanza, juu ya majabali ya itale, ambako ukiweka wayo unang'ang'ania. Rum ni tofauti. Jiwe lake ni la mchanga. Kishikio kizuri kinaweza kumeguka mkononi, na likilowa mvua hudhoofika hata ukilikuta limekauka kwa nje. Kwa hiyo anayepanda peke yake hapa hategemei kishikio kimoja. Anagawa uzito, anagonga jiwe kwa kiganja na kusikiliza, na hapandi mahali ambapo hawezi kushuka. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niwavulie kofia wawindaji: kupanda kulikuwa nusu ya kazi. Windo likipatikana, mtu alipaswa kuteremka na bunduki na nyama mgongoni, kwenye genge lilelile.

Mwaka 1984 Mwingereza Tony Howard alifika na wenzake, akiwemo Di Taylor. Walikwea njia nyingi mpya na ngumu, lakini walifanya pia jambo ambalo wavumbuzi wengi hawakulifanya: walikaa na wazee wa kabila la Zalabia, wakaongozana na wawindaji, wakauliza. Kitabu chao cha mwaka 1987 kiliziorodhesha njia za Kibedui kama njia kamili, na baadhi zina majina ya wenyewe: Njia ya Hammad, Njia ya Sabbah. Njia ya makorongo ya Rakabat, inayopenya katikati ya Um Ishrin, nayo sasa hupendwa na wageni wasiotaka magumu makubwa. Hata kuiita nyepesi kunahitaji tahadhari, kwa maana humo ndani kupotea ni rahisi kuliko kuanguka.

Rum ikawa hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia kwa ajili ya mandhari yake na pia kwa maelfu ya michoro na maandishi yaliyo miambani. Vijana wa Zalabia sasa hupata riziki kwa kuongoza wageni katika njia za babu zao, wengi wakiwa na kamba na helmeti. Ningeomba waandishi wa vitabu vipya, kila wanapoandika nani alipanda kwanza, wakawaulize hao vijana kabla ya kujaza jina.