Askari aliyenyimwa nishani, akapewa nafasi katika filamu

MAHJUB bin Adam Mohamed, aliyefahamika Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia vitani angali mtoto, na akafariki dunia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, Novemba 24, 1944. Kati ya tarehe hizo alidai mshahara wake wa vita, akaukosa. Akaomba nishani, akanyimwa. Wakati huo huo akionekana katika filamu za Kijerumani zisizopungua 23. Mwaka 2013 mwongozaji Eva Knopf alitoa filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha yake, Majubs Reise, yaani Safari ya Majubu.

Vita aliyopigana Mahjub ndiyo iliyofika Ifakara. Mwaka 1917, baada ya Wajerumani kupoteza reli ya kati, bonde la Kilombero na nyanda za Mahenge vilikuwa miongoni mwa maeneo machache yenye rutuba yaliyobaki kuwalisha askari wao. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, Force Publique, liliteremka kutoka Kilosa, likavuka mto ambao ramani za Wajerumani ziliuita Ulanga, likaiteka Mahenge Oktoba 9 mwaka huo. Msafiri anayepita leo Daraja la Magufuli, akitoka Ifakara kwenda Mahenge, anavuka mto huo huo. Ukiwaondoa maofisa, waliopigana pande zote mbili kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika, na waliobeba vyakula na risasi zao walikuwa Waafrika pia. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000.

Siku chache baada ya Mahenge kuanguka, yalizuka mapigano makali huko Mahiwa, katika Mkoa wa Lindi wa leo, kuanzia Oktoba 15 hadi 18. Waingereza waliwatumia askari wa King's African Rifles pamoja na kikosi kutoka Nigeria. Mahjub, aliyekuwa na umri wa miaka 13 tu, alijeruhiwa hapo akiwa upande wa Wajerumani na kutekwa. Baba yake naye alikuwa askari katika jeshi hilo.

Ni vyema hapa kukumbuka kwamba neno askari halikuwa na sifa njema kwa kila mtu katika bonde la Kilombero. Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Maji Maji, wakiwamo Wambunga na Wapogoro, walilishambulia boma la Mahenge na kuuawa kwa wingi kwa bunduki za rashasha. Boma hilo, chini ya Kapteni Theodor von Hassel, lililindwa kwa sehemu kubwa na askari Waafrika. Baadaye mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mahjub alikuwa mtoto mchanga wakati huo, na hahusiki. Lakini filamu yoyote inayotaka askari wa Mjerumani aenziwe haina budi kulijibu swali la wazee wa bonde hilo: aenziwe kwa lipi?

Mahjub mwenyewe alikuwa na jibu jepesi zaidi. Alifanya kazi, hakulipwa. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mshahara wake pamoja na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kuwa amechelewa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mkahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na mwaka 1933 akafunga ndoa na mwanamke wa Kijerumani. Ilipoanzishwa nishani ya heshima kwa waliopigana mstari wa mbele, aliiomba. Ombi likakataliwa.

Mwaka 1934 alipewa nafasi katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, filamu kuhusu vita katika koloni, akaigiza kijana anayejifunza kazi ya kupeleka ishara jeshini. Yaani, utumishi aliokataliwa malipo yake ofisini, sasa alilipwa kuuigiza mbele ya kamera.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Carl Peters ya mwaka 1941, ambamo nyota alikuwa Hans Albers. Inamsifu mtu aliyekusanya mikataba ya ulaghai Usagara mwishoni mwa mwaka 1884, nchi ambayo sehemu yake imo katika Mkoa wa Morogoro, mkoa wa Ifakara. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Kujaza umati wa Waafrika, watengenezaji waliwatumia wafungwa wa vita weusi waliotekwa na Wajerumani. Mwaka huo huo Mahjub alikamatwa kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani.

Knopf ameijenga kazi yake kwa vipande vya filamu hizo za zamani, akimtafuta Mahjub pembeni mwa picha, nyuma ya nyota, mara mhudumu, mara mpagazi. Ni njia iliyofaa, kwa kuwa hapo ndipo alipowekwa.

Askari wa makoloni ya Ufaransa wamepata filamu zenye nguvu zaidi. Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, ambayo Ousmane Sembène aliiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, inaeleza jinsi askari waliodai malipo yao karibu na Dakar walivyopigwa risasi na jeshi la Ufaransa Desemba 1, 1944. Ilikuwa wiki moja baada ya Mahjub kufa. Ile ya Rachid Bouchareb, Indigènes ya mwaka 2006, ilizaa matunda ya fedha: Rais Jacques Chirac alitangaza mwaka huo kwamba pensheni za wapiganaji wa makoloni zilinganishwe na za Wafaransa.

Mahjub hakuacha pensheni ya kurekebishwa. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake kando ya njia mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstrasse, Berlin, alikowahi kuishi.