Kabla hujabadilisha ringi za baiskeli yako
Unataka magurudumu mapya, ila hela ni ya kuhesabu? Historia itakusaidia kuamua.

Mwaka 1869 Mfaransa Eugène Meyer alipata hataza ya gurudumu la spoku za waya. Siri yake ni kwamba kila spoku imevutwa na kukazwa. Ndiyo maana waya mwembamba vile unabeba madumu ya mawese kutoka Ujiji hadi Kigoma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo, na mtikisiko ukapungua. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, vyote viwili vilishakuwepo.

Ringi za alumini zikaja kuchukua nafasi ya chuma. Wengi husifia wepesi wake, lakini kwetu faida kubwa ni breki: mpira hushika alumini iliyolowa vizuri kuliko chuma kilicholowa. Piga picha unashuka kutoka Mwanga kwenda stesheni, mvua inanyesha, mzigo uko nyuma.

Kwa hiyo, kama ringi zako ni za chuma na breki zako hubana ringi, badilisha. Kama ni alumini na hazijalika, nunua tairi nzuri, kisha mpe fundi akaze spoku.