Neno Kongwe la Kiingereza na Ardhi ya Nyarubanja

Si istilahi mpya za sayansi peke yake zinazomtatiza mfasiri. Mara nyingi neno linalomponza ni lile kongwe, ambalo wenye lugha yao wameliacha katika mazungumzo ya kila siku, lakini limesalia katika sheria. Makala haya yanachunguza neno moja la namna hiyo, yaani "enfranchisement", lililoingia katika historia ya ardhi ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao tangu mwaka 1979 unaitwa Kagera.

Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria kuhusu umilikaji wa nyarubanja, na neno hilo limo katika jina lake. Mwalimu wa Kanoni, huko Karagwe, akilifasiri kwa maana iliyozoeleka siku hizi, atadhani kwamba wakulima walipewa haki ya kupiga kura. Sheria ile haikuhusu kura hata kidogo. Ilihusu mashamba.

Nyarubanja ulikuwa utaratibu ulioenea katika Buhaya, ambapo mtawala alimpa ndugu au kipenzi chake eneo la ardhi pamoja na wakulima waliokuwa wakiishi humo. Tangu hapo mkulima aliitwa mtwarwa, yaani mtu aliye chini ya mtawala, naye alipaswa kutoa malipo kwa bwana wake juu ya shamba alilolilima kwa jasho lake mwenyewe.

Maofisa wa Kiingereza walipouandika utaratibu huo, walitumia msamiati wa Uingereza ya kale. Mtwarwa akawa "tenant", neno ambalo asili yake ni mwenye kushika kitu. Sisi tukilifasiri neno hilo kuwa mpangaji, tunamfananisha na mtu aliyekodi chumba mjini, ambaye huweza kuhama mwisho wa mwezi. Mtwarwa hakuwa hivyo: migomba aliipanda yeye, na pengine kaburi la babu yake lilikuwa katika shamba lile lile.

Neno "enfranchisement" nalo limetokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kufanya huru. Huko Uingereza palikuwa na wakulima walioshika ardhi kwa masharti yaliyotokana na utwana, na ushahidi wao ulikuwa nakala ya maandishi yaliyowekwa katika daftari la baraza la bwana. Kuigeuza ardhi hiyo iwe huru, bila masharti ya bwana, ndiko kulikoitwa kwa neno hili. Utaratibu huo ulifutwa huko tarehe 1 Januari 1926, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1922. Watungaji wa sheria yetu ya 1965, na ile ya 1968 iliyogusa ukodishaji wa ardhi wa kimila kwa jumla, walichukua neno hilo katika maana yake ya kale.

Je, tuliiteje kwa Kiswahili? Baadhi watapendekeza ukombozi. Neno hili ni zuri, na wananchi wanalijua. Hata hivyo, kukomboa hubeba pia maana ya kutoa malipo, kama mtu akomboavyo kitu alichokiweka rehani. Mtwarwa akisoma kwamba shamba lake limekombolewa, ana haki ya kuuliza: nani alilipa, na kiasi gani? Hilo ni suala la kujibiwa na vifungu vya sheria, wala si jina lake. Kwa sababu hiyo naona afadhali kusema kuiweka huru ardhi ya nyarubanja. Kauli hii yahifadhi maana ya asili, wala haitangulii kutoa hukumu.

Yafaa pia tujihadhari na neno ukabaila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kulipa maana ya kisiasa. Mfasiri akiliweka mahali pa nyarubanja, msomaji atapata lawama kabla ya kupata maelezo. Nyarubanja na mtwarwa ni majina ya mambo mahsusi. Yafaa yabaki kama yalivyo na kufafanuliwa.

Jambo hili si la wanahistoria tu. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Kazi ya kufasiri sheria na hukumu zilizoandikwa kwa Kiingereza ni kubwa, na ndani yake maneno makongwe ni mengi. Kabla ya kutafuta neno la Kiswahili, mfasiri na aulize kwanza: neno hili lilikuwa na maana gani siku ile lilipoandikwa? Akikosea, anayeumia si kamusi, bali ni mkulima anayesimama mbele ya hakimu, na mpaka wa shamba lake umeandikwa katika neno moja.