Mapadri wa Minara Miwili na Lugha ya Unguja

Mtu aliyeko Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako adhana na sauti za watoto wa chuoni ndizo zilizozoeleka tangu dahari, hadhanii kwamba maneno ya mvuvi na mkulima wa shamba yamepata kuwashughulisha mapadri wa Kikatoliki. Na akitaka athari kongwe za Ukatoliki huo, hana budi kushika njia ya Mjini.

Huko watawa wa Augustino waliokuja na Wareno walikuwa na kanisa katika karne ya 17, na mahali pale, Waomani walipoishika nchi, pakasimama Ngome Kongwe. Kisha kimya kirefu, hata Desemba 1860, zama za Sayyid Majid, alipowasili Padri Fava kutoka Réunion akafungua hospitali na karakana. Mwaka 1863 kazi ikashikwa na Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padri Horner, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu huliita Minara Miwili, lilijengwa kati ya 1893 na 1898.

Lakini mimi nikiulizwa turathi yao iliyo bora, sitataja minara wala picha za Agano la Kale zilizochorwa kutani, nitataja kamusi. Padri Charles Sacleux aliingia Unguja mwaka 1879, akakusanya mimea (jenasi moja imepewa jina lake) na maneno kwa bidii ile ile, na mwaka 1891 misheni yenyewe ikapiga chapa hapa kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili. Ile kubwa, ya Kiswahili kwa Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000, ilitoka Paris kati ya 1939 na 1941, mwenyewe akiwa amepita umri wa miaka 80, na ilipokamilika, mji huo ulikuwa umekwisha kutwaliwa na Wajerumani.

Lugha aliyoichunguza padri huyu ilikuwa ya Waislamu, imelowa Kiarabu, naye hakulikwepa jambo hilo, bali alilifuatia neno hata akalifikisha kwenye asili yake ya Uarabuni. Tena, ilhali tangu 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa ikikisanifu Kiswahili kwa kufuata Kiunguja cha Mjini, yeye alikuwa amekwisha kuyaandika maneno ya lahaja za Kihadimu, Kimvita na Kiamu, kila neno na kwao. Kwa hifadhi hiyo, kwa rai yangu, hana mfano katika wageni wote walioandika juu ya lugha hii.

Maelezo yake yote yamo katika Kifaransa, na wenye maneno hawakisomi. Basi wakuu wa vyuo vyetu vya Kiswahili na waifasiri kamusi hiyo.