Mrututu na viumbe wa udongoni
Dawa ya mrututu na chokaa, aliyoitangaza mtaalamu wa mimea Millardet huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885 ili kuinusuru mizabibu na ukungu, ilienea baadaye hata katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro. Lakini shaba iliyomo katika mrututu, kwa kuwa ni madini yasiyooza, hudumu katika tabaka la juu la udongo, yaani makazi hasa ya nyungunyungu, ambaye huimeza pamoja na chakula chake na kuinyonya kwa ngozi yake laini, hata vifuko vya mayai yake vikapungua kabla mwenyewe hajafa. Chembe za shaba au fedha zisizofikia nanomita 100, ambazo aghalabu huyeyuka polepole, nazo hazisalimiki na shutuma hiyo ya kumdhuru nyungunyungu. Kuhesabu vifo vya nyungunyungu peke yake, basi, hakutoshi kuonyesha madhara hayo. Uzazi nao sharti upimwe.